Kuunganisha redio koli na simu: kinachoruhusiwa na kitakachokuponza

Swali hili limetufikia studio zaidi ya mara moja kutoka Sepuka na vitongoji vya jirani. Mara linatoka kwa mkulima wa alizeti, mara kwa mfugaji anayeshusha ng'ombe Wembere wakati wa kiangazi, mara kwa kijana anayelinda mali za watu usiku. Linakuja hivi: "Mtangazaji, nina redio koli mbili. Fundi ananiambia anaweza kuzifunga na simu ya mkononi. Nikiwa porini pasipo na mtandao, nitabonyeza redio na kuongea na mtu aliyeko Singida mjini. Je, inakubalika?"

Jibu fupi ni hili. Kwa ufundi, inawezekana. Kwa sheria, usifunge kisanduku cha aina hiyo bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Na hata redio yenyewe, kabla hujafikiria simu, inahitaji kibali cha masafa. Kuna njia nyingine ya kufikisha ujumbe wa redio kwenye simu. Ni ya bei nafuu, imeshaokoa maisha Afrika Mashariki, na haihitaji kisanduku chochote: ni kuweka mtu katikati. Makala haya yanaeleza kwa nini.

Redio koli ni nini

Wazee wetu waliiita simu ya upepo. Ni redio inayopokea na kutuma sauti, tofauti na hii unayotusikilizia, ambayo inapokea tu. Zipo za mezani, za kwenye gari na za mkononi. Askari wanazo, askari wa wanyamapori wanazo, walinzi wa migodi wanazo. Siku hizi zile ndogo za mkononi zinauzwa mpaka kwenye maduka ya simu, na ndizo zinazoleta maswali mengi.

Redio koli inatofautiana na simu kwa mambo matatu.

Kwanza, redio haihitaji mnara wa kampuni ya simu. Redio moja inaongea moja kwa moja na nyingine. Ndiyo maana inavutia kwa mtu aliyeko mahali ambapo simu haishiki.

Pili, kwenye redio anaongea mtu mmoja kwa wakati. Unabonyeza kitufe, unasema, unaachia, ndipo mwenzako anajibu. Kwenye simu wote wawili mnaweza kuongea na kusikia kwa pamoja. Tofauti hii ndiyo inayosumbua mafundi, kama tutakavyoona.

Tatu, redio haina siri. Yeyote mwenye redio iliyowekwa kwenye masafa hayo hayo, akiwa karibu, anasikia kila neno. Simu inalindwa kwa namna ambayo jirani hawezi kuinasa kwa kifaa cha dukani. Redio nyingi za kawaida hazina ulinzi huo.

Kuhusu umbali, usiamini sana maandishi ya kwenye boksi. Redio ya mkononi ya wati 5, watu wakiwa wamesimama chini kwenye vichaka, mara nyingi hufika kilomita chache tu. Ukipanda juu ya jiwe kubwa au kilima inafika mbali zaidi, kwa sababu mawimbi hayo husafiri kwa kunyooka na huzuiwa na ardhi, miti na majengo. Zile kilomita 20 au 30 zinazoandikwa kwenye boksi ni za mahali pasipo na kizuizi chochote.

Fundi anafungaje redio na simu

Fundi anaweka redio moja mahali ambapo mtandao wa simu unashika, tuseme nyumbani kwako Sepuka. Pembeni anaweka simu yenye laini. Katikati anafunga kisanduku kidogo kinachochukua sauti kutoka kwenye redio na kuiingiza kwenye simu, na kinachochukua sauti ya simu na kuirusha hewani kupitia redio. Wewe uko shambani na redio ya pili. Ukibonyeza namba kwenye redio hiyo, kisanduku kinazisikia kama milio, kinapiga simu, na mtu wa mjini anapokea.

Shida inaanza hapo. Mtu wa simu hana kitufe cha kubonyeza, kwa hiyo kisanduku lazima kikisie ni lini aongee nani. Kikisikia sauti ya simu kinawasha redio na kuanza kurusha. Mtu wa mjini akiwa sokoni au kwenye basi, kelele za pale zinakifanya kisanduku kirushe bila kukoma, na wewe wa shambani huwezi kuingiza neno. Simu isipokatwa vizuri, redio inaendelea kurusha hewani hata nusu saa. Katika muda huo hakuna mtu mwingine anayeweza kutumia masafa hayo, hata awe na mgonjwa mkononi.

Kuna mafundi wanaotengeneza vizuri zaidi, wakaweka namba ya siri na kikomo cha muda. Hilo linapunguza usumbufu, lakini haligeuzi suala la kibali.

Jambo hili lina historia

Usidhani fundi wa gulioni ndiye wa kwanza. Huko Texas, Marekani, mtu aitwaye Thomas Carter alitengeneza kifaa alichokiita Carterfone. Watu waliokuwa mbali na simu, kwa mfano kwenye visima vya mafuta, walikuwa na redio za kuongelea na ofisi zao, ila hawakuweza kufika kwenye simu ya kawaida. Carter alitengeneza kitako ambacho mkono wa simu uliwekwa juu yake. Sauti ya redio iliingia kwenye simu kupitia hewa tu, bila waya kugusana na mtandao. Kati ya 1959 na 1966 aliuza kama vifaa 3,500.

Kampuni kubwa ya simu ya wakati huo, AT&T, ilipinga. Masharti yake yalikataza kuunganisha kifaa chochote ambacho haikukitoa yenyewe. Carter alishitaki, na mwaka 1968 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kwamba masharti hayo hayakuwa halali. Mtu anaweza kuunganisha kifaa chake, mradi hakiharibu mtandao.

Uamuzi huo ulifungua mlango, na ukaleta swali jipya: nani atajua kama kifaa hakiharibu? Ndiyo maana leo, Marekani na kwetu pia, vifaa vya mawasiliano hupimwa na kuidhinishwa kabla ya kuuzwa. Hakuna anayekukataza kwa sababu tu kifaa si cha kampuni ya simu. Unakatazwa kama hakijathibitishwa na huna kibali.

Huku kwetu, kabla ya simu za mkononi kuingia nchini mwaka 1994, redio ndiyo ilikuwa sauti ya vijijini. Shirika la AMREF, lililoanzishwa 1957, lilijenga mtandao wa redio za masafa marefu. Hospitali za misheni na zahanati zisizo na simu, zikiwemo za Tanzania, ziliweza kuita chumba cha redio cha Madaktari Warukao kilichoko uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Pale alikaa mtu. Alisikiliza, akauliza maswali, akampata daktari au rubani. Mhusika mkuu wa kazi ile alikuwa mtu aliyekaa mbele ya redio.

Sheria ya Tanzania inasemaje

Sheria mama ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Chini yake zipo kanuni kadhaa, zikiwemo Kanuni za Mawasiliano ya Redio na Masafa za mwaka 2018. Msimamizi ni TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kwa lugha ya kawaida, anayetaka kufunga redio na simu anakutana na milango minne.

Mlango wa kwanza ni masafa. Masafa ni njia ya hewani ambayo redio inapitia. Ni mali ya umma, kama barabara, na TCRA ndiyo inayogawa nani apite wapi. Kampuni ya ulinzi, mgodi, hoteli au kikundi kinachotaka kutumia redio koli kinaomba masafa, kinapewa na kulipia ada. Kununua redio dukani hakukupi haki ya kuirusha hewani, sawa na kununua gari kusivyokupa leseni ya udereva.

Mlango wa pili ni kifaa. Redio, simu na kisanduku cha kuunganishia vyote vinatakiwa viwe vya aina iliyothibitishwa na TCRA. Kisanduku alichokiunga fundi mezani kwake hakijapita huko. Muuzaji wa vifaa vya mawasiliano naye anatakiwa kuwa na leseni.

Mlango wa tatu ni huduma. Masafa ya matumizi binafsi unapewa ili watu wako waongee wao kwa wao: mlinzi na mlinzi, dereva na ofisi. Ukianza kubeba simu za watu wengine kwenda kwenye mtandao wa umma, hasa kwa malipo, umeanza kutoa huduma ya mawasiliano. Hiyo inahitaji leseni nyingine, sawa na zile za kampuni za simu. Mtu anayesema "nitatoza mia tano kila anayetaka kupiga" ameshavuka mstari huo.

Mlango wa nne ni laini. Tangu usajili wa alama za vidole ulioanza 2019, kila laini ina mwenyewe anayejulikana kwa namba ya NIDA. Laini iliyomo kwenye kisanduku ni ya mtu fulani. Kila simu itakayopigwa kupitia hapo, machoni pa polisi na mahakama, itaanza kutafutwa kwa jina hilo.

Adhabu za kuendesha mitambo bila leseni chini ya sheria hii si za kuonywa tu. Zipo faini za mamilioni ya shilingi, kipo kifungo, na mitambo inaweza kutaifishwa. Wapo watu waliofikishwa mahakamani nchini kwa kuunganisha mitambo kwenye mtandao wa simu bila leseni, hasa wale wanaopitisha simu za kutoka nje ya nchi kwa kutumia laini nyingi za hapa ili zionekane ni simu za ndani. Kosa lao ni kubwa kuliko la mkulima mwenye redio mbili, lakini sheria inayowagusa ni hiyo hiyo: kuunganisha mtambo kwenye mtandao wa umma bila ruhusa.

Nchi nyingine zinafanyaje

Watu wengi wanadanganyika na maandishi ya kwenye boksi yanayosema redio haihitaji leseni. Maandishi hayo ni ya nchi ambako redio ilitengenezewa soko. Ulaya kuna redio ndogo za masafa ya megahezi 446 ambazo mwananchi anatumia bila leseni, lakini nguvu yake ni nusu wati na antena yake haibadilishwi. Marekani kuna redio za familia kwenye megahezi 462 na 467. Masafa hayo hayo huku kwetu yanaweza kuwa yamegawiwa kwa mtumiaji mwingine kabisa. Uliza TCRA, usiulize boksi.

Kuhusu kuunganisha na simu, Marekani imeweka kanuni ambayo ni nzuri kuielewa. Redio binafsi kwa ujumla haziruhusiwi kuunganishwa na mtandao wa simu wa umma. Zile za familia hapana. Zile za masafa ya megahezi 27, zinazopendwa na madereva wa malori, zinaruhusiwa kwa masharti: mtu awepo pale pale, aunganishe kwa mkono wake, asikilize mazungumzo yote, na akate mara moja akisikia jambo linalovunja kanuni. Kisanduku kinachojiendesha chenyewe hakikubaliki.

Wapo pia watu wa redio za ridhaa, wanaofanya mitihani na kupewa leseni na alama ya kuitia. Za Tanzania Bara huanza na 5H. Wakati wa vita vya Vietnam, watu wa ridhaa wa Marekani waliwaunganisha askari na familia zao kwa redio na simu, na seneta Barry Goldwater wa Arizona alijulikana kwa kituo kilichofanya kazi hiyo kutoka nyumbani kwake. Lakini hata kwao, kanuni za kimataifa zinasema kituo cha ridhaa kinaweza kubeba ujumbe wa mtu mwingine kwenda nchi nyingine pale tu penye dharura au maafa.

Ukiangalia, nchi hizi zinakubaliana na kitu kimoja. Redio na simu zikikutana, sheria inataka kujua ni nani yuko pale anayewajibika.

Hatari tatu ambazo fundi hakwambii

Hatari ya kwanza ni laini yako kutumiwa na usiyemjua. Kumbuka redio haina siri. Mtu mwenye redio kama yako, akiwa karibu, akisikia milio unayobonyeza anaweza kuirudia. Kisanduku hakimjui mwenye nyumba. Kinajua milio tu. Akipiga simu ya kumtapeli mzee wa watu kijiji kingine, au ya kutishia, namba itakayoonekana ni yako. Utaelezaje kituoni kwamba si wewe, wakati laini ina alama yako ya kidole?

Hatari ya pili ni fedha. Watu wakishazoea kupiga simu kupitia redio, wanaanza kuomba kutumiwa pesa, kutaja salio na hata kutaja namba ya siri. Kila kinachosemwa kinarushwa hewani. Usitaje namba ya siri, namba ya NIDA wala habari za ugonjwa wa mtu kwenye redio, iwe imefungwa na simu au haijafungwa.

Hatari ya tatu ni kuziba njia ya wengine. Redio nyingi za bei nafuu zinaweza kuwekwa kwenye masafa mengi sana, ikiwa ni pamoja na yale yanayotumiwa na vyombo vya usalama na huduma za dharura. Mtu anabonyeza tu mpaka apate palipo kimya. Palipo kimya saa nne asubuhi panaweza kuwa ndipo gari la wagonjwa linapoitwa saa nane usiku. Kisanduku kilichokwama kikirusha hewani kinaweza kufunga njia hiyo, na mwenye kisanduku amelala hajui.

Vipi kuhusu redio zinazotumia laini

Kuna aina nyingine imeingia sokoni na inawachanganya wengi. Ina umbo la redio koli, ina kitufe cha kubonyeza, lakini ndani ina laini ya simu. Muuzaji atakwambia inafika nchi nzima, na hasemi uongo. Inafika kwa sababu inatumia mtandao wa kampuni ya simu, na inakula bando kama simu yako.

Redio ya aina hiyo haina tatizo la kuunganishwa na mtandao, kwa kuwa tayari ni kifaa cha mtandao. Unachotakiwa ni kuhakikisha kifaa kimethibitishwa na laini imesajiliwa. Lakini elewa kitu kimoja kabla hujatoa fedha: mahali ambapo simu yako haishiki, nayo haitashika. Kama ulitaka kuongea ukiwa Wembere mahali pasipo na mnara, umenunua simu nyingine yenye kitufe kikubwa.

Kuna wanaonunua vifaa vya kuvuta mtandao, wakafunga antena juu ya nyumba ili simu ishike. Kifaa kinachokuza mawimbi ya kampuni za simu nacho hakifungwi kiholela. Kikifungwa vibaya kinaharibu mawasiliano ya kijiji kizima. Zungumza kwanza na kampuni ya simu unayotumia.

Njia inayofaa: mtu katikati

Sasa turudi kwa mama mwenye uchungu usiku, katika kitongoji ambacho simu haishiki. Huyu ndiye anayefanya swali la msikilizaji wetu liwe zito. Tukisema kisanduku hakiruhusiwi halafu tukanyamaza, hatujamsaidia.

Mwaka 1996, wilayani Iganga nchini Uganda, ulianza mpango ulioitwa RESCUER, ukisaidiwa na UNFPA. Wakunga wa jadi walipewa redio za mkononi. Vituo vya afya viliwekewa redio za mezani, na gari la wagonjwa nalo likawa na redio. Mkunga akiona uzazi unakwenda vibaya, aliita kituo. Kituo kiliita gari. Hakukuwa na kisanduku kinachojiendesha. Palikuwa na mhudumu aliyesikia, akaelewa, akaamua. Wakina mama wengi zaidi walifikishwa mahali penye msaada.

Tanzania leo tuna mfumo wa m-mama, ambao ulianzia Shinyanga na Sengerema na kuanza kupanuliwa nchini kuanzia 2022. Ukipiga 115 bila malipo, mhudumu wa kituo cha kuratibu anauliza hali ya mama au mtoto mchanga, kisha anatafuta gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyesajiliwa kama gari halipo. Unachohitaji ni mtu mmoja mwenye simu inayoshika mtandao ili apige namba hiyo.

Hapo ndipo redio na simu zinapokutana kwa usalama. Kikundi chenye kibali cha masafa kinaweka redio moja mahali penye mtandao wa simu: nyumbani kwa mjumbe anayeaminika, ofisi ya kijiji, au zahanati kama uongozi umekubali. Pale anakaa mtu wa zamu. Redio ya porini ikiita, anapokea, anaandika, anapiga simu kwa laini yake mwenyewe, kisha anarudisha jibu. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Kituo, kituo, hapa shamba la juu, ova."

"Shamba la juu, nakusikia. Sema mama, ova."

"Mkwe wangu ana uchungu tangu jana jioni, na sasa anatokwa damu. Tuko kwenye mbuyu karibu na lambo, ova."

"Nimeandika: uchungu tangu jana jioni, anatokwa damu, mko kwenye mbuyu karibu na lambo. Ndivyo? Ova."

"Ndivyo, baba, ova."

"Napiga 115 sasa hivi. Usizime redio, nakurudia, ova."

Mtu wa zamu anahitaji daftari, kalamu, simu yenye chaji na mambo manne ya kuuliza kila mara: nani, yuko wapi, nini kimetokea, tangu lini. Arudie alichosikia kabla ya kupiga simu, kwa sababu kwenye redio maneno hukatika. Jina kamili la mgonjwa si lazima litajwe hewani; alama ya mahali inatosha.

Ukilinganisha na kisanduku, mtu ana faida ambazo fundi hawezi kuzifunga kwa waya. Anajua sauti ya mjinga anayecheza na sauti ya mtu mwenye shida. Anajua mbuyu unaotajwa uko wapi. Akisikia tapeli, anakataa. Na laini ni yake, simu anapiga mwenyewe, kwa hiyo hakuna atakayetumia jina lake bila yeye kujua.

Hatua za kufuata kwa kikundi

1. Kubalianeni kwanza kijijini. Mwenyekiti na mtendaji wajue redio ni za nini, ziko ngapi na nani anazishika.

2. Andikeni maombi ya masafa TCRA. Kwa Singida, ofisi ya karibu ni ya Kanda ya Kati, iliyoko Dodoma. Elezeni idadi ya redio, mahali zitakapotumika na kazi yake. Ulizeni ada kabla ya kununua kifaa chochote.

3. Nunueni kwa muuzaji mwenye leseni, na mdai risiti. Mwulizeni kama aina hiyo ya redio imethibitishwa na TCRA. Akibabaika, ondokeni.

4. Redio ziwekwe kwenye masafa mliyopewa tu. Fundi afunge uwezo wa kuhamahama.

5. Pangeni zamu ya mtu wa katikati, hasa usiku. Redio bila msikilizaji ni chuma tu.

6. Hakikini laini. Piga *106# uone kama namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako ni zako kweli. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya kampuni husika ikaondolewe.

7. Kama kuna aliyekwisha kufunga kisanduku, mwambieni akiondoe sasa kuliko kusubiri kifike kwenye kesi.

Maswali mengine mliyotuma

Je, nikiweka tu simu karibu na redio, spika kwa spika, nayo ni kosa? Kuweka simu pembeni mara moja ili mgonjwa aongee na muuguzi, wewe ukiwa umekaa pale unasikiliza, ni tofauti na mtambo unaojiendesha. Lakini masafa ya redio yako bado yanahitaji kibali, na kila neno linasikika hewani.

Je, wakati wa hatari kubwa naweza kutumia redio yoyote iliyo karibu? Kanuni za kimataifa za redio hazikizuii kituo kilicho hatarini kutumia kila njia kilichonacho kuita msaada. Hiyo ni kwa hatari ya kweli. Si ruhusa ya kuzoea.

Je, nitapata wapi mtandao wa simu badala ya kuhangaika na redio? Serikali ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, unaotoa ruzuku kwa kampuni za simu kujenga minara vijijini. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713 nchini. Kitongoji chenu kikiwa hakishiki simu, peleka taarifa kwa mtendaji wa kata na diwani, mkitaja majina ya vitongoji na idadi ya kaya. Ombi lililoandikwa lina miguu kuliko malalamiko ya kwenye kijiwe.

Je, nimeshapigiwa simu ya utapeli, nifanye nini? Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, bure. Kwa dharura ya polisi piga 112, zimamoto 114, na kwa mama mjamzito au mtoto mchanga 115.

Nakushauri uziandike namba hizo ukutani, karibu na mahali unapochajia simu. Na kama una redio koli, andika pia jina la mtu wa zamu na saa anazokuwepo, ili wa porini ajue akiita usiku wa manane nani atamjibu.